Utangulizi: Umeme Unapochukua Kazi ya Mafuta na Hewa Ndani ya Ndege

Injini ya ndege ya abiria ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kuisukuma ndege mbele. Ya pili haionekani dirishani, lakini bila hiyo hakuna safari. Injini hiyo hiyo ndiyo inayotoa nguvu ya kukunja magurudumu, kugeuza usukani wa mkiani, kupandisha na kushusha vibawa, kuwasha taa, kupasha chakula, kuyeyusha barafu kwenye mabawa, na kuwapa abiria hewa ya kuvuta mahali ambapo hewa ya nje haimtoshi binadamu. Utangulizi huu unahusu kazi hiyo ya pili, na hasa mageuzi yaliyoipata katika miaka ya karibuni. Kazi zilizokuwa zikifanywa na mafuta yenye presha, hewa ya moto na gia zinakabidhiwa umeme, moja baada ya nyingine.

Ninamwandikia mwanafunzi wa uhandisi, fundi wa karakana ya ndege, na yeyote anayetaka kuelewa ndege anayopanda. Fizikia ya kidato cha nne inatosha kuanzia. Kuna jambo moja tu ninaloomba msomaji alishike tangu sasa, kwa sababu ndilo litakaloyaunganisha yote yanayofuata: umeme haukuingia ndani ya ndege kwa sababu hauharibiki. Unaharibika kama mafuta yanavyovuja. Faida yake kubwa ni kwamba unaharibika kwa namna nyingine.

Tuanze na mafuta. Katika ndege nyingi zinazoruka leo, pampu iliyofungwa kwenye injini husukuma mafuta maalumu ndani ya mabomba membamba ya chuma kwa presha ya pauni 3,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Hapa tunazungumzia mara mia ya hiyo. Kwa presha ya namna hiyo, silinda unayoweza kuibeba mkononi inasukuma mzigo wa tani kadhaa, na inaushikilia hapo hapo dhidi ya upepo mkali bila kutetereka. Kwa miongo mingi hakukuwa na mota ya umeme iliyoweza kufanya hivyo kwa uzito huo huo. Haidroliki, yaani nguvu hiyo ya mafuta yenye presha, ilipata nafasi yake ndani ya ndege kwa haki kabisa, na mhandisi kijana anayeiona kuwa teknolojia ya kizamani hajaielewa.

Lakini ina gharama zake. Mabomba lazima yasafiri kutoka injini hadi mkiani na hadi ncha za mabawa, yakiwa yamejaa mafuta muda wote, yawe yanafanya kazi au hayafanyi. Kila kiungo ni mahali pa kuvujia. Mafuta yanayotumika kwenye ndege kubwa huchaguliwa kwa sababu hayashiki moto kirahisi, lakini yanaunguza ngozi na macho, na fundi hayasogelei bila miwani na glovu. Kubadilisha silinda moja maana yake ni kukausha sehemu ya mfumo, kuufunga, kuujaza, kutoa hewa iliyonaswa ndani, kisha kuukagua upya kutafuta uvujaji.

Gharama kubwa kuliko zote ilionekana tarehe 19 Julai 1989. Ndege ya United Airlines aina ya DC-10, ikiwa na watu 296, ilikuwa njiani kutoka Denver kwenda Chicago. Juu ya jimbo la Iowa, sahani kubwa inayoshikilia mapanga ya mbele ya injini ya mkiani ilipasuka. Vipande vyake viliruka kwa kasi kubwa, vikatoboa mkia na kukata mabomba. Ndege ile ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki, kila mmoja na tangi lake na pampu zake. Kwenye karatasi ilikuwa mitatu. Mkiani, mabomba yake yalipita karibu karibu, na tukio moja likaimaliza yote. Usukani ukawa haufanyi kazi kabisa. Rubani Al Haynes na wenzake, wakisaidiwa na Denny Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, waliiongoza ndege kwa takriban dakika 44 kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili za mabawani, hadi wakafika Sioux City. Ilianguka kwenye njia ya kutua na kuwaka moto. Watu 112 walikufa. 184 walipona, katika hali ambayo hakuna aliyetarajiwa kupona.

Miaka minne kabla yake, Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines aina ya Boeing 747 ilipoteza mifumo yake yote minne kwa namna inayofanana na hiyo, ukuta wa nyuma wa chumba chenye presha ulipopasuka. Watu 520 walikufa. Anayetaka kujua kwa nini wahandisi walianza kutafuta njia nyingine ya kupeleka nguvu mkiani aanzie kwenye ajali hizi mbili, kabla ya hesabu za uzito na mafuta ya injini.

Wazo lenyewe ni kongwe. Ndege ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Valiant, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1951, ilitumia mota za umeme kwa karibu kila kitu. Lakini mota za wakati huo zilikuwa nzito, na hakukuwa na swichi za kielektroniki za kuzitawala kwa umakini. Mambo mawili yalibadilika baadaye. Sumaku zilizotengenezwa kwa madini adimu, kwanza za samariamu na kobalti na kisha za neodimiamu katika miaka ya 1980, ziliwezesha mota ndogo kutoa nguvu kubwa. Na swichi za silikoni zikawa na uwezo wa kukata na kuunganisha mamia ya volti maelfu ya mara kwa sekunde bila kuungua. Bila vitu hivi viwili, taaluma hii ingebaki kwenye majarida.

Kifaa cha kwanza ambacho ningependa mgeni wa taaluma hii akichungulie kwa karibu ni kisukumio cha umeme chenye mafuta ndani yake. Kisukumio ni kile kinachosukuma kibawa, yaani kipande cha nyuma ya bawa kinachopanda na kushuka ili ndege igeuke. Katika aina hii, mota, pampu, tangi dogo la mafuta na silinda vyote vimefungwa pamoja kama kitu kimoja. Kinachoingia kutoka nje ni nyaya tu: za nguvu na za amri. Mota ikizunguka upande mmoja, pampu inasukuma mafuta upande mmoja wa pistoni. Ikigeuza mzunguko, pistoni inarudi. Kibawa kikiwa kimetulia, mota inasimama au inazunguka polepole tu kushikilia mzigo. Mafuta hayajafutwa, yamefupishwa safari. Badala ya kutembea makumi ya mita kutoka injini, yanatembea sentimita chache ndani ya boksi moja, na boksi hilo likiharibika fundi analifungua, analitoa zima na kuweka jingine bila kukausha mfumo wowote.

Airbus walikitumia kisukumio hiki kwenye A380, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 2005 na kuanza kubeba abiria Oktoba 2007. Badala ya mifumo mitatu ya haidroliki, waliweka miwili ya haidroliki na miwili ya umeme. Kila mmoja katika hiyo minne unatosha kuiongoza ndege. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, palipo na akili kubwa kuliko zote katika taaluma hii. Kipande cha chuma kinachokata bomba humwaga mafuta. Waya hauna mafuta ya kumwagika. Moto au hitilafu inayozima majenereta haigusi pampu iliyofungwa kwenye injini kwa gia. Mifumo hiyo ni minne kweli, kwa sababu haifi kwa ugonjwa mmoja. Airbus walirudia mpangilio huo kwenye A350, iliyoanza kazi Januari 2015.

Boeing walipita njia nyingine. Ndege yao ya 787, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 2009 na kuanza kubeba abiria Oktoba 2011 kwa shirika la All Nippon Airways, haikuondoa haidroliki. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huliandika kinyume. Vibawa vyake vingi na magurudumu yake bado yanasukumwa na mafuta, tena kwa presha ya pauni 5,000. Kilichoondolewa ni hewa ya injini.

Katika ndege nyingine za jeti, hewa ya abiria huchotwa kwenye kompresa ya injini. Inatoka na joto linaloweza kuzidi nyuzi 200 za selsiasi na presha kubwa kuliko inayohitajika, kwa hiyo lazima ipozwe na kupunguzwa nguvu kabla ya kuingia kwa abiria. Hewa hiyo hiyo huyeyusha barafu kwenye mabawa, na ndiyo inayozungusha injini nyingine wakati wa kuiwasha. Ni mfumo unaofanya kazi vizuri, lakini injini imechoma mafuta kuibana hewa ile, na sehemu ya kazi hiyo inatupwa. Kwenye 787, kompresa za umeme huvuta hewa moja kwa moja kutoka nje na kuibana kwa kiasi kinachotakiwa tu. Mabawa yanapashwa joto na mikeka ya umeme iliyolazwa ndani ya ukingo wa mbele. Injini inawashwa na jenereta yake yenyewe, ambayo hupewa umeme na kugeuka mota kwa muda mfupi. Hewa ya injini imebaki na kazi ndogo, hasa kuzuia barafu kwenye mdomo wa injini yenyewe. Breki nazo hazina bomba la mafuta. Visukumio vya umeme ndivyo vinavyobana sahani za breki.

Kazi zote hizo zinadai umeme mwingi. Ndege ya Boeing 767 ilikuwa na jenereta moja ya kVA 90 kwa kila injini. Kila injini ya 787 ina mbili, kila moja kVA 250, na injini ndogo saidizi ya mkiani (APU) ina mbili nyingine za kVA 225. Jumla ni kVA 1,450. Majenereta hayo hayana tena ile gia tata iliyolazimisha mzunguko kubaki hezi 400 injini ikienda kasi au polepole. Yanaachwa yazunguke na injini, na vigeuzi vya kielektroniki ndivyo vinavyopanga umeme kwa kila mtumiaji.

Boeing wenyewe walikadiria kuwa mpangilio huu ungepunguza matumizi ya mafuta kwa asilimia 3 hivi. Lakini mgeni asidhani hoja imekwisha. Airbus walipobuni A350 baada ya hapo, walibaki na hewa ya injini. Airbus A220 inaitumia, na Boeing nao wamerudi kwayo kwenye 777X. Wahandisi wenye akili, wakiwa na takwimu nzuri, hawajakubaliana. Hiyo ni habari njema kwa anayeingia sasa, kwa sababu bado kuna kazi ya kufanya.

Kiini cha ubishi huo ni joto. Mafuta ya haidroliki yalikuwa na kazi nyingine isiyotajwa sana: yalipopita kwenye silinda yalibeba joto na kulipeleka mbali. Kisukumio cha umeme kilichofungwa ndani ya bawa jembamba hakina pa kulipeleka joto lake isipokuwa kwenye chuma kinachokizunguka na hewa kidogo iliyopo. Vigeuzi navyo vinatoa joto. Vifaa vinavyopitisha kilowati 1,000 kwa ufanisi wa asilimia 95 vinabaki na kilowati 50 za joto, na lazima ziende mahali. Ndiyo sababu 787, ndege iliyopunguza mabomba ya hewa, ina mfumo wa kimiminika unaozunguka kupoza vifaa vyake vya umeme, pamoja na pampu zake na mabomba yake. Anayehesabu uzito uliookolewa bila kuhesabu uzito wa kupoza hajamaliza hesabu.

Jambo la pili ni volti. Ukitaka kupeleka nguvu nyingi kwa waya mwembamba, pandisha volti. Lakini mwaka 1889 mwanafizikia wa Ujerumani, Friedrich Paschen, alionyesha kuwa volti inayotosha kurusha cheche hewani inategemea presha ya hewa na umbali kati ya nguzo mbili. Hewa ikipungua, cheche huruka kirahisi zaidi, hadi kufikia kiwango cha chini kabisa ambacho kwa hewa ni volti 327 hivi. Chini ya hapo cheche haiwezi kuruka yenyewe kuvuka nafasi ya hewa. Sasa tazama ndege. Umeme wa zamani wa volti 115 wa mkondo geu hufika kilele cha volti 163, mbali kabisa na hatari hiyo. Umeme wa volti 235 unaotumika kwenye 787 hufika kilele cha volti 332. Na nyaya zake za mkondo mnyoofu, moja ikiwa juu kwa volti 270 na nyingine chini kwa volti 270, zina tofauti ya volti 540 kati yao. Kwenye futi 40,000, nje ya chumba cha abiria, presha ya hewa ni chini ya moja ya tano ya ile ya ufukweni. Waya ambao ungekaa salama miaka mingi kwenye kiwanda cha Dar es Salaam unaweza kuliwa polepole na cheche ndogo ndogo ndani ya bawa. Kwa hiyo kihami, nafasi kati ya viungo na namna ya kufunga nyaya ni mambo ya kusomwa kama tunavyosoma mabawa yenyewe. Septemba 1998 ndege ya Swissair iliungua angani karibu na pwani ya Kanada, na watu 229 wakafa. Wachunguzi waliufuata moto huo hadi kwenye nyaya.

Kisha kuna betri. Januari 2013, betri ya lithiamu ya injini ndogo ya mkiani iliwaka ndani ya 787 ya Japan Airlines iliyokuwa imeegeshwa Boston, abiria wakiwa wameshashuka. Siku chache baadaye 787 ya All Nippon ilitua kwa dharura Takamatsu, Japani, kwa sababu ya betri. Ndege zote za aina hiyo zikasimamishwa kote duniani. Marekebisho yalijumuisha boksi la chuma la kuizingira betri na bomba la kutoa moshi nje. Safari ya kwanza ya abiria baada ya hapo ilikuwa ya Ethiopian Airlines, tarehe 27 Aprili 2013, kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Mwaka uliofuata Kenya Airways walipokea 787 yao ya kwanza, na Julai 2018 Air Tanzania wakapokea yao. Mafundi wetu wanaishi na mfumo huu kila siku.

Mfano wa mwisho wa hatari ndio unaonifundisha zaidi. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu vidhibiti vya majenereta ya 787. Ilibainika katika majaribio ya maabara kwamba kaunta ndani ya programu yake hujaa baada ya siku 248 za kuwashwa mfululizo. Ukifanya hesabu, hizo ndizo siku zinazopatikana kaunta ya biti 32, moja kati yake ikiwa ya alama ya chanya au hasi, inapohesabu sehemu za mia za sekunde. Ikijaa, kidhibiti kinajizima kwa usalama. Na kama vidhibiti vinne vya majenereta ya injini viliwashwa kwa wakati mmoja, vyote vinne vinajizima kwa wakati mmoja, hata ndege ikiwa angani. Hakuna ndege iliyopatwa na hilo, na dawa ya kwanza ilikuwa rahisi: kuzima umeme wote kabla ya siku hizo kutimia. Lakini linganisha na Sioux City. Kule mifumo mitatu ilikufa pamoja kwa sababu mabomba yake yalipita mahali pamoja. Hapa majenereta manne yangekufa pamoja kwa sababu yalibeba programu moja. Kuhesabu vifaa bila kuuliza kinachoviunganisha ni kosa lile lile, liwe kwenye chuma au kwenye programu.

Kwa sababu hiyo sioni fahari katika lengo la ndege isiyo na tone la mafuta ya haidroliki, ingawa wapo wenzangu wanaolipigania. Kuna pia kizuizi cha kimitambo. Kisukumio chenye mafuta kikiharibika, vali inafunguliwa, pistoni inalegea, na jirani yake anaendelea kusukuma kibawa. Kisukumio kinachotumia mota na skrubu tupu kinaweza kukwama, na kikikwama kinakishika kibawa hapo kilipo. Hivyo skrubu zimepewa kazi ambazo kukwama kwake kunavumilika, kama breki na baadhi ya vibamba vya juu ya bawa. Atakayepata namna nyepesi na ya kuaminika ya kuiachia skrubu iliyokwama atakuwa amefungua mlango mkubwa.

Kuhusu ndege zinazosukumwa na umeme wenyewe, hilo ni somo jirani. Pipistrel Velis Electro, ndege ndogo ya watu wawili, ilipata cheti cha Ulaya mwaka 2020, ya kwanza ya aina yake. Kwa ndege kubwa, kilo moja ya mafuta ya jeti bado ina nishati mara makumi ya kilo moja ya betri. Lakini vigeuzi, vihami na mbinu za kupoza ni zile zile, kwa hiyo anayejifunza huku anajiandaa kwa kule.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vya usafiri wa anga vya Afrika Mashariki ni moja. Bado tunawatenganisha mafundi wa injini na bodi na wale wa umeme na avioniki tangu mwaka wa kwanza, kana kwamba breki ni ya hawa na waya ni wa wale. Kwenye 787 breki ni waya. Wafundishwe pamoja hadi waweze kusoma mchoro mmoja kwa macho mamoja.

Nawe msomaji, tafuta mchoro wa usambazaji wa nguvu wa ndege yoyote unayoweza kuupata. Chagua kibawa kimoja, fuata kila waya na kila bomba linalokihudumia hadi kwenye injini, kisha uliza ni tukio gani moja linaloweza kuvikata vyote. Ukishapata jibu, umeanza kazi.